Nyuzi 93 ziko wapi? Mwongozo kamili wa kudhibiti joto kwenye mashine ya espresso ya nyumbani

Kahawa ni ile ile, umeipima kwa mizani ile ile, kinu hujakigusa tangu jana. Shoti ya kwanza, yaani kikombe kimoja kidogo cha espresso, inakuja chachu mpaka unakunja uso. Ya pili tamu. Ya tatu chungu, inaacha ukakasi kwenye ulimi. Hapo wengi hukimbilia kinu na kuanza kukizungusha, kumbe kinu hakina kosa. Kilichobadilika kati ya shoti moja na nyingine ni joto la maji, na kwa kuwa halionekani kwa macho, ndilo linalofikiriwa mwisho.

Tuelewane kwanza kuhusu neno lenyewe. Ndani ya mashine moja kuna joto la namna tatu. Kuna la maji yaliyomo kwenye boila, kuna la chuma cha kichwa cha mashine pale kishikio, ule mkono unaobeba chujio la kahawa, kinapofungwa, na kuna la maji yanapoigusa kahawa. Kioo cha namba cha mashine, kama kipo, kwa kawaida kinakusomea la kwanza. Kinywa chako kinalijali la tatu tu. Kazi yote ya mwongozo huu ni kulifanya hilo la tatu lijirudie lile lile kila unapobonyeza swichi. Ukiweza kurudia, hata kama hujui namba kamili, unaweza kurekebisha. Usipoweza kurudia, namba yoyote utakayoweka ni ya kubahatisha.

Joto linalotafutwa

Espresso hutengenezwa kwa maji ya kati ya nyuzi 90 na 96 za Selsiasi. Mahali pazuri pa kuanzia ni nyuzi 93, kwa kipimo kilichozoeleka: gramu 18 za kahawa kavu, gramu 36 za kinywaji, sekunde 25 hadi 30, kwa shinikizo la bar 9 hivi.

Maji ya moto zaidi huchota zaidi. Uchachu hutoka kwenye kahawa kwa urahisi, hata maji yakiwa hayajachemka vizuri. Utamu unahitaji kuvutwa zaidi, na uchungu hufuata nyuma yake. Kwa hiyo joto likiwa dogo unabaki na uchachu mtupu wenye mwili mwepesi. Likizidi, uchungu unafunika kila kitu. Kahawa iliyokaangwa kidogo ina punje ngumu zisizotoa kilichomo kirahisi, hivyo inapenda nyuzi 94 hadi 96. Iliyokaangwa sana, ile nyeusi inayong'aa mafuta, imeshalegezwa na moto wa kukaangia. Hiyo ipe nyuzi 88 hadi 91, vinginevyo utakunywa majivu.

Usihangaike na tofauti ya nusu nyuzi. Watu wachache sana wanaweza kuionja, na mimi simo miongoni mwao.

Ijue mashine uliyonayo

Ushauri unaofaa mashine moja unaweza kuharibu kahawa ya mashine nyingine, kwa hiyo kabla ya lolote jua maji yako yanapashwa vipi.

Aina ya kwanza ni ya boila moja inayofanya kazi mbili: kutengeneza kahawa, kisha, ukibonyeza swichi nyingine, kupanda joto ili itoe mvuke wa maziwa. Gaggia Classic na Rancilio Silvia ndizo zinazojulikana zaidi. Ya pili ni ya kibadilishajoto: boila moja kubwa iko kwenye joto la mvuke muda wote, na ndani yake umepita mrija ambamo maji ya kahawa hupashwa yakiwa njiani. Ya tatu ina boila mbili, moja ya kahawa na moja ya mvuke. Kampuni ya La Marzocco ilileta mpango huo kwenye mashine yake ya GS ya mwaka 1970, na leo upo hadi kwenye mashine za jikoni. Ya nne ni ya themobloku, yaani kipande cha chuma chenye njia nyembamba ndani. Maji hupashwa yanapopita humo na hakuna tangi linalohifadhi maji ya moto.

Kama hujui yako ni ipi, jaribu kutoa kahawa na mvuke kwa wakati mmoja. Ikikubali, ni ya kibadilishajoto au ya boila mbili. Ikikutaka usubiri, ni ya boila moja au ya themobloku, na hizo mbili utazitofautisha kwa muda wa kuamka: themobloku huwa tayari ndani ya dakika moja au chini ya hapo.

Hatua ya kwanza: pasha chuma, si maji peke yake

Taa ya "tayari" imedanganya watu wengi. Inachosema ni kwamba maji ndani ya boila yamefika. Haisemi lolote kuhusu kilo kadhaa za chuma ambazo maji hayo yatapita kabla ya kufika kwenye kahawa.

Fanya hesabu kidogo. Kishikio cha shaba nyeupe kina uzito wa karibu nusu kilo. Kukitoa kwenye nyuzi 25 mpaka nyuzi 90 kunahitaji joto linaloweza kupandisha mililita 60 za maji kwa karibu nyuzi 50, na mililita 60 ndiyo kiasi cha maji shoti moja inachotumia, ukijumlisha yanayobaki yamenyonywa na kahawa yenyewe. Shoti ni ya sekunde 30, kwa hiyo kishikio hakiwezi kunyonya joto hilo lote, lakini hata kikiiba sehemu ndogo tu utaionja.

Kwa hiyo washa mashine kishikio kikiwa kimefungwa mahali pake, chujio likiwa tupu ndani yake. Mashine ndogo ya boila moja ipe dakika 15 hadi 20. Mashine yenye kichwa kizito cha E61 inahitaji dakika 30 hadi 45, na hakuna njia ya mkato. Kichwa hicho kilianzishwa na Ernesto Valente wa kampuni ya Faema mwaka 1961, na kilipewa jina kutokana na kupatwa kwa jua kwa mwaka huo. Ni pande la chuma lenye uzito wa kilo nne hivi, linalopashwa na maji yanayozunguka yenyewe kati yake na boila: ya moto yanapanda, yaliyopoa yanashuka. Uzito huo ndio unaokifanya kitulie kikishapata moto, na ndio huo huo unaokifanya kichelewe kuupata.

Ukiona kusubiri kunakuchosha, soketi yenye saa inaweza kuiwasha mashine kabla hujaamka. Hakikisha tu soketi hiyo imetengenezwa kubeba umeme ambao mashine yako inavuta, na kwamba tangi la maji halijaachwa tupu usiku.

Kisha usiharibu ulichopasha. Niliwahi kukaa karibu wiki nzima nikibadilisha namba kwenye mashine yangu kwa sababu shoti ya pili ilikuwa chachu kila siku. Nilishuka, nikapanda, nikaandika daftarini, na bado haikueleweka. Kumbe baada ya shoti ya kwanza nilikuwa nakisuuza kishikio kwa maji baridi ya bomba, nakipangusa, na kukijaza kahawa papo hapo. Sasa nakipangusa kwa kitambaa kikavu na kukirudisha kwenye kichwa cha mashine wakati kinu kinasaga. Mashine ilikuwa nzima muda wote.

Hatua ya pili: pima, hata kama ni kwa kukisia

Kipimo bora ni waya mwembamba wa themokapo, yaani kihisi cha joto, unaopitishwa ukingoni mwa chujio, ncha yake ikikaa juu tu ya kahawa iliyoshindiliwa, halafu kishikio kinafungwa juu yake. Unatoa shoti ya kweli na kusoma namba sekunde kwa sekunde. Utaona joto likipanda haraka mwanzoni, likitulia, kisha kwenye mashine ndogo likishuka kuelekea mwisho. Umbo la mwendo huo lina maana kuliko kilele chake: shoti inayoanza nyuzi 95 na kuishia 87 si sawa na iliyokaa 91 mwanzo hadi mwisho, ingawa wastani wake unakaribiana.

Bila vifaa hivyo, chukua kikombe cha foamu, kipashe kwa maji ya moto, kimwage, kisha toa mililita 60 hivi za maji matupu kutoka kwenye kichwa cha mashine huku kipimajoto chepesi kikiwa ndani. Utasoma chini ya ukweli, kwa sababu maji yamepoa hewani na yametoka kasi kuliko yanavyotoka kahawa ikiwapo. Haijalishi. Namba hiyo ni ya kulinganisha leo na jana, dakika ya 10 na dakika ya 30.

Bunduki ya kupimia joto kwa mwanga ina mtego: chuma kinachong'aa kinarudisha joto la vitu vingine, nayo inasoma uongo kwa kujiamini kabisa. Bandika kipande cheusi cha utepe wa umeme kwenye kichwa cha mashine, acha kipate moto, halafu pima hapo kwenye utepe.

Boila moja: kuvizia joto

Mashine hizi ndizo zinazohitaji ujanja zaidi, na ndizo wengi wanaanza nazo, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Themostati ya kawaida ni swichi tu. Maji yakipoa inawasha koili, yaani kile kifaa cha umeme kinachopasha maji, yakipata moto inaizima. Tatizo ni kwamba joto la kuwasha na la kuzima haliko pamoja. Linaweza kuachana kwa zaidi ya nyuzi 10. Zaidi ya hapo, koili ikizimwa bado ina moto wake, kwa hiyo maji yanaendelea kupanda kwa muda kabla ya kuanza kushuka. Ukibonyeza swichi ya kahawa wakati wowote unaojisikia, unaweza kukuta maji yako kileleni, bondeni, au kokote katikati. Ndiyo maana shoti tatu zinaweza kuwa na ladha tatu.

Dawa ni kuanzia mahali pamoja kila mara. Wenyewe huita kuteleza juu ya joto kama mtu anayepanda mawimbi. Mimi naona ni kama kuvizia. Kwanza chunguza taa ya mashine yako inasema nini, maana kwenye baadhi taa ikiwaka maana yake koili inapasha, na kwenye nyingine taa ikiwaka maana yake maji yako tayari. Ukikosea hapo, mengine yote yatakuwa kinyume.

Njia ya kwanza inafaa boila kubwa kidogo, kama ya mililita 300 ya Silvia. Saga kahawa, shindilia, weka kishikio pembeni. Toa maji kwenye kichwa cha mashine mpaka koili iwake, kisha simamisha. Subiri koili izime yenyewe. Hapo ndipo unapoanza kuhesabu sekunde. Mara baada ya kuzima, maji ni ya moto mno, yaache yashuke. Anza na sekunde 40, funga kishikio, bonyeza. Kesho jaribu 30 au 60. Kila sekunde unayoongeza ya kusubiri inashusha joto, kwa hiyo saa yako imegeuka kuwa kipimajoto.

Njia ya pili inafaa boila ndogo, kama ya Gaggia Classic yenye mililita 100 hivi. Hapa shoti moja inatoa zaidi ya nusu ya maji yaliyomo, na mahali pake panaingia maji baridi ya tangi. Themostati ikisubiri mpaka ihisi ubaridi ndipo iwashe, shoti imeshafika katikati. Lakini koili yenyewe haina udhaifu: kupasha mililita 60 kutoka nyuzi 22 hadi 93 kunahitaji joto la kilojuli 18 hivi, na koili ya wati 1,000 ikiwaka sekunde 25 inatoa kilojuli 25. Nguvu ipo, inachelewa tu. Kwa hiyo usisubiri koili izime. Toa maji mpaka iwake, hesabu sekunde kadhaa, anza shoti ikiwa bado inawaka. Jaribu sekunde 10, kisha 20, kisha 30, na ulimi wako utachagua. Wengine hubonyeza swichi ya mvuke mara shoti inapoanza ili koili isizime katikati, kisha huirudisha kabla ya shoti kuisha. Inafanya kazi, ila ukisahau kuirudisha utajikuta na boila ya mvuke na kahawa iliyoungua.

Ukitaka maziwa, toa kahawa kwanza, mvuke baadaye. Na ukimaliza mvuke, usiiache boila ikiwa imepungukiwa maji na moto mkali. Koili inaweza kuungua. Fungua mrija wa mvuke juu ya chombo, washa pampu, acha maji yatoke mpaka yaache kutema na yaanze kutiririka sawasawa. Boila imejaa na imepoa. Anza mzunguko upya.

Kibadilishajoto: kusikiliza maji

Hapa tatizo ni la upande wa pili: mashine huzidisha. Boila ya mvuke yenye shinikizo la bar 1 ina maji ya nyuzi 120. Mrija wa kahawa umezama humo. Maji yakipita moja kwa moja hutoka na joto linalofaa, lakini yakilala mrijani dakika 10 au 20 yanakaribia joto la boila yenyewe, na ukiyamwaga juu ya kahawa unaichoma.

Kwa hiyo kabla ya shoti toa maji matupu ya kupoza. Bonyeza na usikilize. Mwanzoni yatatoka kwa kishindo, yakifoka na kurusha mvuke, kwa sababu yamezidi kiwango cha kuchemka na yanageuka mvuke pale pale yanapokutana na hewa. Kisha sauti inatulia na mkondo unanyooka. Dakika hiyo maji yanayotoka yako kwenye kiwango cha kuchemka. Endelea kuhesabu kuanzia hapo. Kila sekunde ya ziada inashusha joto zaidi.

Baada ya hapo kuna shule mbili. Moja inasema mwaga mpaka ufike joto unalolitaka, sekunde 3 hadi 6 baada ya kutulia, kisha funga kishikio na uanze mara moja. Nyingine inasema mwaga zaidi ya hapo, kisha saga na kushindilia bila haraka wakati mrija unajipasha upya, na uanze baada ya sekunde 30 au zaidi. Mimi ni wa shule ya kwanza, kwa sababu ya pili inategemea kasi ya mikono yako, na mikono ya asubuhi si ya kuaminiwa. Lakini kwa shule ya kwanza lazima kahawa iwe imeshasagwa na kushindiliwa kabla hujabonyeza maji. Ukichelewa nusu dakika umeshapoteza hesabu.

Shoti ya pili ukiitoa dakika moja au mbili baada ya ya kwanza haihitaji kumwagiwa kiasi kile. Sekunde moja mbili zinatosha, za kuosha kichwa tu. Wanaomwaga vile vile kila mara hushangaa kwa nini kikombe cha mgeni wa pili ni chachu.

Kama unajikuta unamwaga maji mengi kila siku, angalia geji ya boila. Kulishusha shinikizo kutoka bar 1 hadi 0.8 kunapunguza joto la boila kwa nyuzi 3 hivi, na kunapunguza kuzidisha. Mvuke wa maziwa utakuwa mpole kidogo. Skrubu ya kurekebishia huwa ndani ya mashine, karibu na nyaya za umeme mkubwa, kwa hiyo chomoa kwanza, na kama hujawahi kufungua kifaa cha umeme mwachie fundi.

PID na boila mbili

PID ni kidhibiti cha kielektroniki kinachochukua nafasi ya themostati. Badala ya kuwasha na kuzima kibubu, kinaangalia mambo matatu: tuko mbali kiasi gani na lengo, tumekaa mbali kwa muda gani, na tunakaribia kwa kasi gani. Kisha kinaipa koili umeme kwa vipande vidogo vidogo. Matokeo yake boila inatulia ndani ya nyuzi moja au pungufu.

Ila kinatuliza boila, si kahawa. Kwenye mashine ya boila moja iliyofungwa PID, boila inaweza kuhitaji kuwekwa nyuzi 103 au 104 ili maji yafike kwenye kahawa yakiwa 93, kwa sababu njiani yanapoteza. Watengenezaji wengine hukata tofauti hiyo ndani kwa ndani na kukuonyesha 93 moja kwa moja. Wengine hukuonyesha boila ilivyo. Soma kitabu cha mashine yako, na kama kimekaa kimya rudi kwenye kikombe cha foamu. Kunakili namba ya mwenzako mwenye mashine tofauti hakuna maana.

Jambo jingine linalowatisha wageni: shoti ikianza, namba kwenye kioo inaporomoka. Ni kawaida. Maji baridi yameingia boila na kihisi kimeyagusa. Usiikimbize kwa kupandisha lengo. Shoti ikiisha itarudi. Ukitaka kubadilisha lengo, libadilishe, kisha ipe mashine ya kichwa kizito dakika 10 au 15 ndipo uonje. Maji hubadilika upesi, chuma hakibadiliki upesi.

Kufunga PID kwenye mashine ya zamani ni kazi inayowezekana, na vifaa vyake vinauzwa vikiwa seti. Ni umeme mkubwa ndani ya boksi la chuma lenye maji. Usiondoe fyuzi ya joto iliyowekwa na kiwanda, hata kama mtu anakuambia inasumbua.

Themobloku

Maneno machache yanatosha. Mashine hizi hupata moto kwa sekunde, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo: maji yako tayari wakati kishikio na kichwa bado ni baridi. Toa shoti mbili tupu kupitia chujio lisilo na kahawa, moja kwa moja kwenye kikombe chako ili nacho kipate moto, kausha chujio, kisha jaza. Kama mashine ina ngazi za kuchagua joto, anza na ya kati. Kama haina, idadi ya shoti tupu ndiyo kidhibiti chako: moja kwa kahawa nyeusi, tatu kwa kahawa iliyokaangwa kidogo.

Sasa onja

Usianze hatua hii kabla kinu hakijakaa sawa. Shoti ya sekunde 12 ni chachu kwa sababu maji yamekimbia, na hakuna joto litakaloiponya. Rekebisha usagaji mpaka upate kipimo chako, gramu 18 kwa 36 ndani ya nusu dakika, kisha usiguse kinu tena.

Toa shoti tatu, kwa nyuzi 90, 93 na 96, au kama una boila moja, kwa kusubiri sekunde tofauti zilizoachana vya kutosha. Zikoroge, ziache zipoe kidogo kabla ya kuonja; ulimi ulioungua hauna hukumu, na uchachu hujificha kwenye kinywaji cha moto sana. Tofauti ya nyuzi 6 utaisikia hata kama ni mara yako ya kwanza. Chagua iliyo karibu na unachopenda, kisha sogea nyuzi moja moja kutoka hapo. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Andika daftarini kahawa gani, joto gani au sekunde ngapi, na neno moja la ladha. "Ndimu." "Chokoleti." "Majivu." Yanatosha.

Ukipata uchachu na ukakasi katika kikombe kimoja, usikimbilie joto. Hiyo mara nyingi ni maji yaliyopenya upande mmoja wa kahawa na kuuacha mwingine mkavu. Sambaza vizuri kabla ya kushindilia. Na usifungue kishikio mara tu pampu inaponyamaza kwenye mashine isiyo na vali ya kutoa shinikizo. Hupiga chafya, na kahawa ya moto inarukia mkono.

Kama unaishi juu

Kila unapopanda mita 300, kiwango cha kuchemka kinashuka kwa nyuzi moja hivi. Kwenye mita 1,500 maji huchemka karibu nyuzi 95, kwenye mita 2,000 karibu 93. Ndani ya boila kuna shinikizo, kwa hiyo maji yanaweza kuzidi hapo bila shida, na kahawa iliyoshindiliwa inayashikilia wakati wa shoti. Kinachobadilika ni alama unazozitumia. Kwenye usawa wa bahari, maji ya kibadilishajoto yakiacha kufoka yako nyuzi 100, na bado una safari. Kwenye mita 1,500 yakiacha kufoka yako 95, umekaribia kufika. Ukiongeza sekunde 6 kama ulivyosoma mahali, umeshavuka. Na kikombe cha foamu hakitakuonyesha zaidi ya kiwango cha kuchemka cha mahali ulipo, hata maji yakiwa yamezidi ndani, kwa hiyo kipimo kinachogota pale pale kila mara ni dalili ya maji ya moto mno.

Mashine ikianza kubadilika yenyewe

Ulikuwa umeshaipata, miezi inapita, na utaratibu ule ule unaleta ladha nyingine. Mshukiwa wa kwanza ni ukoko wa chokaa. Maji magumu huacha tabaka jeupe juu ya koili, kwenye kuta za boila na juu ya kihisi. Koili inajitahidi zaidi, kihisi kinachelewa kujua, na mizunguko ya kuwaka na kuzima inakuwa mirefu. Dalili nyingine ni kuchukua muda mrefu kupata moto na maji kutoka kwa mkondo mwembamba. Tumia dawa ya kuondoa ukoko inayokubalika na chuma cha boila yako, hasa kama ni ya alumini, maana asidi kali huila. Suuza kwa matangi mawili ya maji safi. Afadhali zaidi, weka maji laini tangu mwanzo.

Kama hakuna ukoko, kagua raba ya kichwa cha mashine. Ikikauka, kishikio hakikazi vizuri, maji yanavuja pembeni na shinikizo linashuka. Kisha themostati yenyewe: zile za kitufe zinazoshikizwa juu ya boila kwa skrubu hulegea kidogo, na zikiacha hata upenyo mwembamba zinasoma baridi kuliko ilivyo na kuiacha koili iwake kupita kiasi. Chomoa mashine, iache ipoe kabisa, fungua mfuniko, zikaze kwa upole. Ukiwa ndani, tafuta madoa meupe kwenye viungio vya mirija. Hapo maji yamekuwa yakivuja na kukauka bila wewe kujua. Raba ya mahali hapo ibadilishe kabla ya kufunga mfuniko.